Pea Isiyolingana: Mwongozo wa Kutengeneza Filamu ya Kuchekesha Bila Kutoka Mchikichini

Umeamua kutengeneza filamu ya kuchekesha. Hongera. Simu yako ina kamera, shemeji yako ana sura inayochekesha hata akiwa amefiwa, na mwenye nyumba wako amesafiri kwenda Kilwa hadi Alhamisi, kwa hiyo sebule yake yenye makochi mekundu iko huru. Kimebaki kitu kidogo tu: hadithi, na watu wawili wa kuibeba.

Usihangaike kutafuta chuo. Panda daladala, shuka Karume, ingia sokoni Mchikichini, Dar es Salaam. Mimi nimesomea hapo miaka kadhaa, ada yangu ikiwa kahawa na kashata, na sasa najiona nimehitimu kiasi cha kuweza kukupotosha na wewe. Fuata hatua zifuatazo kwa mpangilio. Ukiruka moja, filamu yako itakuwa ya mafunzo.

Hatua ya kwanza: Nunua viatu

Fika sokoni asubuhi, mzigo mpya unapofunguliwa. Viatu humwagwa chini kwenye turubai kama dagaa, na kazi ya kwanza ya muuzaji si kuuza, ni kutafutia kila kimoja mwenzake. Cha kushoto kinatafutiwa cha kulia, vinapimwa soli kwa soli, kisha vinafungwa pamoja kwa kamba zao wenyewe ili visipotezane tena. Kazi hiyo ikiisha, pembeni hubaki kikundi cha mayatima ambao wenzao hawajaonekana.

Siku moja nilimkuta kijana mmoja amewafunga mayatima wawili weusi wa ngozi, wa aina moja kabisa, ila wa kushoto alikuwa namba 41 na wa kulia namba 43.

"Wenzao je?" nikamnong'oneza.

"Wenzao niliwauza jana," akasema bila kupepesa.

Hapo akafika mzee, balaghashia kichwani, fimbo mkononi.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Hivi bei gani?"

"Wengine nawapa 25,000. Wewe mzee wangu, 15,000."

Mzee akavaa, akatembea hatua nne kwenda, nne kurudi. "Hiki cha kushoto kinanibana. Cha kulia kinapwaya."

"Mzee, hivyo ndivyo wazungu wanavyovitengeneza. Mguu wa kulia ndio unaotangulia, kwa hiyo unahitaji nafasi."

Mzee akafikiri kwa muda mrefu. Nilidhani anamtafutia kijana tusi la heshima. "Basi nipunguzie," akasema. "Hiki kinachobana kina ngozi ndogo. Siwezi kulipia ngozi ambayo haipo."

Wakaachana kwa 11,000. Kijana alibaki akicheka kwa sababu ameuza mayatima. Mzee aliondoka akitabasamu, anachechemea kidogo, kwa sababu amelipia ngozi iliyopo tu.

Ukitaka, funga mwongozo huu hapa uende nyumbani, maana filamu nzima umeshaiona. Watu wawili hawalingani. Kuna kamba imewafunga pamoja. Na kila mmoja ana hakika kwamba amemwingiza mwenzake mjini. Kurasa zilizobaki ni za wale wanaotaka kujua kwa nini.

Hatua ya pili: Chagua jozi kutoka kwenye rafu

Usibuni jozi mpya. Jozi mpya ni kazi ya watu wenye ruzuku. Zilizopo zimetumika muda mrefu, zimelainika, na kama mtumba wowote mzuri, hazichubui. Hizi hapa tano, pamoja na historia zake.

*Mwizi na mwizi zaidi.* Wahenga walisema pwagu hupata pwaguzi, yaani mnyang'anyi naye hukutana na aliyemzidi. Radio Tanzania Dar es Salaam ikauchukua msemo huo mzima mzima ikautengenezea mchezo, *Pwagu na Pwaguzi*, na watu wazima waliacha bao wakasogea redioni kuwasikiliza wajanja wawili wakiponzana. Hakukuwa na picha wala kava. Zilikuwepo sauti mbili tu, kila moja ikijiona ina akili kuliko nyingine. Hii ndiyo jozi mama. Nyingine zote ni wajukuu zake.

*Mshamba na mji.* Inua macho hapo sokoni utaona barabara kubwa inayopita ubavuni. Ni Barabara ya Kawawa. Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa nyota wa filamu. Katika *Muhogo Mchungu* alikuwa mtu wa shamba aliyekuja Dar es Salaam na kulizwa na wajanja wa mjini. Fikiria jambo hilo ukiwa umebanwa kwenye foleni: tumempa mshamba wetu wa kwanza wa kwenye filamu barabara nzima, na bado kila siku pembeni yake kuna mtu anauziwa mbuzi kwenye gunia. Jina lenyewe halikufa pia. Miaka mingi baadaye mchekeshaji Abdallah Mkumbila alijulikana nchi nzima kama Muhogo Mchungu.

*Mzee na sharobaro.* Chukua mzee wa Tanga ambaye haamini chochote kilichotengenezwa baada ya baiskeli, umkutanishe na kijana wa Tanga anayetembea kana kwamba ardhi ni trampolini. King Majuto, jina lake halisi Amri Athumani, alizaliwa mwaka 1948 na alikuwa jukwaani tangu utotoni. Sharo Milionea, Hussein Mkiety, alikuja na nywele zake, miwani yake na Kiingereza chake cha kuokoteza. Hawakuhitaji hadithi. Ilitosha mmoja amtazame mwenzake kuanzia viatuni hadi nywele, halafu kamera isubiri. Sharo alifariki kwa ajali ya gari Muheza, Novemba 2012. Majuto alimfuata Agosti 2018. Tangu hapo vijana wengi wamenunua miwani, wachache wamempata mzee.

*Mume na mke.* Huko Kenya, *Vitimbi* ya KBC iliwaweka Mzee Ojwang na Mama Kayai ndani ya nyumba moja kwa miaka mingi. Mume anapanga, mke anapangua. Benson Wanjau, aliyekuwa Ojwang na aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu aliyeivaa lafudhi ya Kijaluo kwa ustadi hivi kwamba watazamaji wengi walimhesabu kuwa mtu wa Ziwa. Tutarudi kwenye lafudhi. Ni jambo la hatari.

*Mwili na mwili.* Mnene na mwembamba, mrefu na mfupi. Marekani walikuwa na Laurel na Hardy tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Nigeria waliigeuza hesabu hiyo: Chinedu Ikedieze na Osita Iheme, katika *Aki na Ukwa* ya mwaka 2002, walikuwa wafupi wote wawili, watu wazima wakicheza watoto watukutu, na vibanda umiza vya Dar es Salaam vikajaa. Fundisho ni kwamba wawili wanaofanana nao ni jozi, mradi waliobaki duniani wote wasifanane nao.

Utaona sijataja Senga na Pembe, Matumaini na Kiwewe, wala wa siku hizi kama Mkojani na Tin White. Nimewaacha makusudi, uwapange mwenyewe kwenye rafu. Ukikuta mmoja hana rafu, ama umegundua aina ya sita, ama hukusoma vizuri.

Hatua ya tatu: Tafuta kamba

Hapa ndipo filamu nyingi zinapofia, na kuchekesha hakutaziponya. Mtengenezaji anawachukua watu wawili wanaochekesha, anawaweka kwenye sebule moja, anasema "anzeni". Wanaanza. Wanapiga kelele, wanaangushana, mmoja anakaa juu ya keki. Lakini mtazamaji wa Mchikichini, ambaye amelipa vocha yake mwenyewe kukutazama, anauliza swali moja: kwa nini huyu haondoki?

Mtu anayeweza kuondoka hachekeshi. Yule mzee wa viatu angekuwa na pea nyingine nyumbani, angemwambia kijana "haya, asante," basi. Alibaki kwa sababu ya vile vyake vya zamani, ambavyo soli ilikuwa imeachana na mwili kama mdomo wa mamba. Kwa hiyo kabla hujaandika utani hata mmoja, tafuta kinachowafunga. Kamba zinazopatikana kwa urahisi ni hizi.

*Deni.* Ni imara kuliko ndoa. Mdaiwa humkimbia mdai, mdai humtafuta mdaiwa, na hakuna wapenzi wanaofikiriana usiku kucha kama hawa wawili.

*Chumba.* Wapangaji wawili, choo kimoja, luku moja.

*Ukoo.* Shemeji haachiki kabla ya dada yake kuachika.

*Utani.* Hii ndiyo kamba ya kienyeji, na ajabu ni kwamba tunaitumia msibani zaidi kuliko kwenye filamu. Mzaramo na Mnyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara ya kwenda na kurudi pwani. Mtani ana ruhusa. Anaweza kufika kwenye mazishi akalala kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe, akaigiza marehemu alivyokuwa anakwepa madeni, akaondoka na sufuria la pilau, na wafiwa hawawezi kukasirika, kwa sababu kesho ni zamu yao kwake. Babu naye humwita mjukuu wake "mke wangu" na kumlalamikia mumewe halisi kwamba kamwibia. Mwandishi wa filamu aliyezaliwa kwenye mfumo huo, halafu akahangaika kutafuta sababu ya watu wawili kutukanana bila kuuana, huyo anachota maji ya chupa akiwa amekaa ukingoni mwa kisima.

Ukihitaji mfano mkubwa zaidi, tembea kutoka Mchikichini mpaka Msimbazi, kwenye klabu ya Simba, kisha uendelee mpaka Jangwani, kwa Yanga. Ni mwendo wa kumaliza mfuko mmoja wa karanga. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na hadi leo hawajaachana. Wanaitwa watani wa jadi. Ondoa mmoja uone kama mwingine atakuwa na la kusema Jumatatu.

Hatua ya nne: Zalisha uongo

Hadithi ya kuchekesha inaanza na uongo mdogo ambao ulikuwa na nia njema. Baada ya hapo kazi yako ni kuulisha.

Tuchukue mpangaji wa Mchikichini anayedaiwa kodi ya miezi mitatu. Mwenye nyumba anagonga. Mpangaji, kwa kukosa la kusema, anasema mama yake amefariki. Uongo huo una umri wa sekunde moja. Mwandishi mvivu atamfanya mwenye nyumba asiamini, wagombane, wakimbizane. Usifanye hivyo. Mfanye mwenye nyumba aamini. Tena awe mtu mwema! Anafuta machozi, anakwenda kukodi turubai na viti 50, anatangaza msikitini, na baada ya saa mbili kina mama wanakatakata vitunguu uani.

Uongo sasa unatembea. Mpangaji anapokea rambirambi kutoka kwa watu wanaomdai yeye. Watani wanafika na kulala mlangoni. Jirani aliyekuja kuazima chumvi anapewa kazi ya kusimamia gesi.

Na hapo, kama ulivyokuwa unajua tangu aya ya kwanza, mama mwenyewe anashuka kwenye bajaji, katoka Korogwe na gunia la mihogo. Anasimama mlangoni. Anauliza: "Nani kafa?"

Kimya. Pilau limeiva. Hakuna anayetaka kuliharibu. Mpangaji anajibu: "Shangazi." Mama anaachia gunia na kulia kuliko wote.

Angalia kanuni zilizofanya kazi hapo. Moja, mtazamaji anajua kabla ya wahusika, kwa hiyo anacheka mara mbili: anaposubiri na linapofika. Mbili, kila anayejaribu kusaidia anaongeza tatizo. Tatu, hakuna aliyechekesha. Kila mmoja yuko makini kabisa na shughuli yake. Mhusika akijua kwamba yuko kwenye kichekesho, mrudishe nyumbani kwa nauli yake.

Sasa swali: mwenye nyumba atagundua lini? Hapa tumia methali yetu nyingine, kwamba mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani. Mwenye nyumba aligundua zamani, tangu mama aliposhuka kwenye bajaji. Amenyamaza kwa sababu yeye ndiye aliyeshika daftari la rambirambi. Ukurasa wa mwisho ameshaandika: kodi, miezi mitatu, imepokelewa. Pwagu kapata pwaguzi.

Ujanja huu si wangu. Abunuwasi alimfanyia Harun Rashid mambo ya namna hiyo kabla bibi zetu hawajazaliwa, na Sungura amekuwa akimfanyia Fisi muda wote huo. Mnyonge anashinda kwa akili, mpaka anapokutana na mnyonge mwenziwe.

Hatua ya tano: Mtafute mtu wa tatu, umpe bili

Jozi haiwezi kugharimiana milele. Lazima apatikane mtu mmoja, mwema kiasi, asiyehusika kabisa, ambaye mwishoni atalipa. Katika filamu yetu ni yule jirani wa chumvi: wenye turubai wakija kudai, ndiye pekee aliyekuwa hajakimbia.

Mtu wa tatu asiwe mbaya. Akiwa mbaya, watazamaji watasema kapata haki yake, na haki huwa haichekeshi sana. Awe amekuja kutazama tu. Kanuni hii ishike vizuri, mimi nilikuja kuisahau mahali pabaya.

Hatua ya sita: Lafudhi, kwa uangalifu wa petroli

Mtaani kuna ghala la lafudhi tayari: Mchaga wa hela, Mhaya wa Kiingereza, Msukuma wa mshangao, Mpemba wa duka, Mmakonde wa getini. Ni kama mchuzi wa kopo. Unafungua, unamimina, umemaliza kupika. Ndiyo maana vyakula vyote vina ladha moja.

Lafudhi ni nguo, na ndani ya nguo lazima awepo mtu. Ojwang hakudumu kwa kuwa aliongea Kijaluo cha kuigiza. Alidumu kwa sababu ndani ya ile lafudhi mlikuwa na mume mwenye mipango mibovu ambayo sote tunayo. Jaribio ni rahisi: mnyang'anye mhusika wako lafudhi. Akibaki na shida yake, mrudishie. Akitoweka, hukuwa na mhusika, ulikuwa na kabila.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwanamume kuvaa gauni. Joti wa Orijino Komedi akivaa gauni na ushungi watu hucheka, lakini tazama anachofanya baada ya kuvaa: anahesabu chenji, ananusa mboga, anamsengenya jirani. Gauni lina sekunde tano za kicheko. Baada ya hapo ni kazi.

Hatua ya saba: Mapambo ya lazima

Haya hayana maana, lakini bila hayo mtu hataamini kwamba ni filamu.

Jina liwe la Kiingereza, mazungumzo ya Kiswahili, na tafsiri inayopita chini irudi kwenye Kiingereza ambacho hata jina halikitambui.

Kila mtu akianguka, weka mlio wa springi. Akipigwa kofi, mlio wa mlango. Akipata wazo, kengele ya baiskeli. Watazamaji wetu wamelelewa na Kapteni Derek Mukandala, Lufufu, aliyekuwa akizifasiri filamu za nje kwa Kiswahili na kuwasemea mashujaa wa Kichina kana kwamba wamezaliwa Manzese. Wamezoea sauti kuwahi mbele ya picha.

Wakimbizane mwishoni. Haijalishi nani anamkimbiza nani. Muhimu wapite katikati ya nyanya za mtu. (Zilipie nyanya kabla. Wauza nyanya hawana mkato.)

Na hadithi ikipamba moto, mkono wa mama ukiwa juu ya kitasa, simamisha. Andika: *Itaendelea, Part 2*. Enzi za diski, hilo lilimaanisha kuuza pea moja mara mbili, cha kushoto leo na cha kulia mwezi ujao. Siku hizi za YouTube linamaanisha kuomba watu wabonyeze kengele. Mbinu ni ile ile. Mtaani bado wapo watu wazima wanaosubiri sehemu ya pili ya filamu waliyoinunua wakiwa hawajaoa.

Hatua ya nane: Kutana na jozi halisi

Filamu imekamilika. Sasa inabidi uiuze, na hapa utagundua kwamba jozi kubwa kuliko zote haikuwahi kupigwa picha. Ni msanii na msambazaji.

Enzi za diski uliipeleka kazi yako Kariakoo. Msambazaji alikukaribisha soda. Alikwambia soko limekuwa baya, maharamia wanadurufu, mvua imenyesha. Alikuonea huruma hivi kwamba akajitolea kukuondolea mzigo huo mara moja: pesa taslimu mkononi, na filamu na haki zake zote zikawa zake. Ulitoka pale ukijiona mjanja, maana sebule ilikuwa ya mwenye nyumba na mapato yote ni faida. Miaka kumi baadaye ukakuta watu kwenye basi la Mbeya wanakucheka kwa machozi, na wewe umekaa siti ya nyuma ukihesabu nauli.

Aliyeuziwa alikuwa na diski. Aliyeuza alikuwa na uso. Hawakuweza kuachana, kwa sababu uso usio na diski haufiki Mbeya, na diski isiyo na uso hainunuliwi. Hapa kamba ilikuwa mkataba, na mara nyingi kamba hiyo ilifungwa upande mmoja tu. Mwaka 2018, King Majuto akiwa mgonjwa, kilio cha mikataba ya wasanii kilifika wizarani, na Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kuipitia. Mtu aliyelifundisha taifa kumcheka anayetapeliwa, ugonjwa wake ndio uliofanya taifa liulize nani alikuwa anacheka mwisho.

Ushauri wangu kwenye hatua hii hauna kejeli: soma karatasi. Pima soli kwa soli kabla hujafungwa.

Makosa ya kawaida

*Nimepata jozi, kamba na uongo, lakini watu hawacheki.* Huenda mjanja wako anashinda kila mara. Mshindi wa kudumu ni tangazo la biashara. Akili nyingi huondoa maarifa, acha zimwondolee.

*Mwigizaji wangu anacheka katikati ya kurekodi.* Mkate posho. Ataanza kuwa makini, na hapo ndipo atakapochekesha.

*Mwenye nyumba amerudi Jumatano.* Mpe nafasi kwenye filamu. Jozi umeshaipata: wewe na yeye.

Zoezi la vitendo

Siku tatu baada ya ile biashara ya viatu nilikuwa kwenye kijiwe cha kahawa, nyuma ya soko. Yule mzee alikuwepo, miguu ameinyosha. Bajaji ikasimama ghafla, dereva akashuka huku akikunja uso, akaomba kahawa, akakaa mkabala naye. Nikatazama chini. Viatu vyeusi vya ngozi. Cha kulia kilikuwa kidogo, cha kushoto kikubwa.

Nao wakaona. Kijiwe kizima kikaona.

"Badilishaneni!" watu wakapiga kelele.

"Mimi nililipa 13,000," dereva akasema. "Mzee wangu, wewe je?"

"Kumi na moja."

"Basi uniongeze 2,000 ndiyo tuwe sawa."

"Mwanangu, kidole changu kimebanwa siku tatu. Fidia yake ni 2,000. Kwa hiyo wewe ndiye uongeze."

"Mzee, changu kinachobana ni cha breki! Kila nikisimamisha abiria nalia."

Walibishana mpaka kahawa ikapoa. Hakuna aliyeondoka. Hakuna aliyeweza kuondoka: kila mmoja alikuwa amevaa nusu ya mali ya mwenzake. Hapo nikakumbuka elimu yangu yote, nikatoa simu, nikaanza kurekodi.

Mabishano yakakatika papo hapo.

"Unatupiga picha?" mzee akauliza.

"Nawapiga filamu mzee. Endeleeni tu kama vile sipo."

Wakatazamana, kwa mara ya kwanza wakiwa upande mmoja. Filamu si bure, braza, dereva akasema. Mzee akasema yeye angeridhika kama hiyo 2,000 inayowagombanisha ingetoka kwangu, pamoja na kahawa za kijiwe. Nikatoa. Sanaa ina gharama zake.

Wakabadilishana. Mzee akachukua namba 43 zote mbili, dereva akachukua 41 zote mbili. Wakasimama, wakatembea hatua nne kwenda. Mzee alikuwa anaburuza miguu kama aliyevaa mitumbwi. Dereva alikuwa anakanyaga kwa ncha za vidole. Wote wawili, kumbe, walikuwa namba 42.

Wakarudi hatua nne. Wakakaa. Bila kusemezana wakavivua, kila mmoja akavaa vyake vya mwanzo.

"Bora vile," mzee akasema, akifunga kamba. "Angalau mguu mmoja unapumzika."

"Kweli mzee wangu," dereva akasema.

Nikaomba 2,000 yangu, kwa kuwa biashara haikufanyika. Dereva akaniangalia kwa huruma, huku akiwasha bajaji.

"Braza," akasema, "si ilikuwa ya filamu?"